Ukurasa wa Saba

Ami yangu Shekuwe hakuwa na mhariri.
Alikuwa na mimi, na mashine ya mkono
aliyoinunua kwa wamisheni waliohama,
mpini umelegea; kila ikifika nakala ya hamsini
inakohoa, inamtapikia wino kwenye kanzu.
Kila mwezi kurasa kumi na mbili, shilingi tatu.
Aliliita Daftari. Daftari tu.
Jina refu, alisema, huficha kitu kifupi.

Mtu mmoja, na yote kaandika yeye:
bei ya mchele, mtaro wa Langoni unavyonuka,
ugomvi wake na diwani, ndoto ya Alhamisi,
hadithi, kesi aliyoisikiliza kortini
benchi la nyuma, karanga mfukoni,
kisha hadithi tena. Bila mstari wa kutenga.
Nikamwambia: Ami, tia hata nyota hapa,
watu wajue ulipoacha kushuhudia
ukaanza kutunga.
Akanitazama kama mtu aliyeombwa
kutenga chumvi na mchuzi uliokwisha iva.

Mimi niliandika hesabu.
Wanunuzi mia moja na arubaini, wanaolipa sitini na mmoja.
Punda wa Kupi alikula toleo la tatu, nakala ishirini na tano;
nikaandika: zimesomwa.
Diwani alituma mtoto amnunulie,
lifungiwe ndani ya gazeti jingine.
Yaliyobaki tuliyapanga kwenye zidaka
palipokuwa na sahani za Kichina za bibi.
Sahani zilikwisha kuwa karatasi.
Mke wa ami hakusema neno. Kila akipita
aliyahesabu matundu ya ukuta kwa macho.

Toleo la kumi na moja. Ukurasa wa pili:
Mwanamize, mjane wa Siyu, muuza mahamri,
moto umekula makuti, ana pacha wa miezi minne,
analala nao kwenye daka la watu.
Ukurasa wa saba:
Habona Komora, mtumishi wa ndani,
bangili mbili, miezi tisa, gereza la Hindi,
mtoto anyonyaye yuko naye.
Mistari kumi na minne, mikavu kama risiti.

Jumamosi wakaanza kubisha hodi.
Mke wa sonara, leso doti mbili, pindo bado.
Mwalimu wa chuo, kopo la maziwa ya unga.
Mtoto mmoja na shilingi iliyolowa mate.
Yuko wapi Mwanamize?

Ami akashika kichwa.
Mwanamize nilimwona akizaliwa: saa tano ya usiku,
chemli inaishiwa mafuta, ami anatafuna kalamu.
"Mmoja au pacha?" akaniuliza.
Nikasema pacha.

Na Habona? nikawauliza wageni.
Habona yupi? Ah, yule wa bangili.
Hiyo umeitunga vizuri, wakamwambia ami,
ila mwisho wake haukutosheleza.

Toleo la kumi na mbili likatoka kwa herufi kubwa:
WA KWELI NI YULE WA UKURASA WA SABA.
Watu wakasifu. Hiyo ndiyo kalamu, wakasema,
ametuchezea tena.

Siku tatu ami hakutoka chumbani.
Ya nne nikavifunga vile vitu kwenye shuka,
nikapanda boti ya Mokowe, kisha lori,
juu ya magunia ya pamba, hadi Hindi.

Habona alikuwa mdogo kuliko nilivyomchapa.
Akainusa leso mpya. Akainusa tena.
Mtoto akaushika mkono wangu wenye wino,
akautia mdomoni.

Nani katuma? Askari ana kalamu tayari,
kitabu chake kina safu za kujazwa:
mtoaji, mahali, uhusiano na mfungwa.

Mwanamize, nikasema. Wa Siyu. Anauza mahamri.

Uhusiano?

Nikafikiri. Kurasa tano kati yao.
Majirani, nikasema.

Akaandika: majirani. Akapiga muhuri.